Hilux Gani?

Dukani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, nilianza kwa kupanga maboksi ya spea. Mafundi walikuwa wakiingia na ombi moja: "Nipe gasketi ya hedi ya Hilux." Mzee mwenye duka hakuinua hata kichwa. "Hilux gani?" Wengi walijibu, "Ya dizeli," wakidhani wamemaliza.

Sasa dizeli zenyewe, 2L, 3L na 5L, zikishapakaa mafuta na vumbi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Silinda ya 2L ina kipenyo cha milimita 92, ya 3L 96, ya 5L 99.5. Ukifunga gasketi ya 2L kwenye 3L, ukingo wake unachungulia ndani ya silinda na moto unaula.

Mzee alinianzisha na kibati kilichopigwa ripiti chini ya boneti. LN106: L ni ukoo wa injini, N ndiyo Hilux yenyewe. Ukikuta RN, hiyo ni ya petroli, ukoo wa akina 22R. Kibati hichohicho kina namba ya difu, na mwenye gari la kuvuta magurudumu yote asiidharau, maana difu ya mbele na ya nyuma zisipolingana gia, kuna kitu kitavunjika.

Shida ni kwamba kibati kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Pikapu za miaka ya 1990 nyingi zilishabadilishwa injini, tena zaidi ya mara moja. Nikazoea kwenda na brashi ya waya na petroli kidogo, nasugua ubavu wa bloku mpaka namba itokee. Baba mmoja wa Iringa aliniwakia: "Kijana, gari ni langu, kadi imeandikwa 2L!" Nikasugua, ikatoka 3L. Akaitazama weee, kisha akacheka. "Kumbe ndiyo maana linapanda Kitonga namna ile!"

Namba za spea nazo zilinipendeza kuliko mauzo yenyewe. Toyota hutumia tarakimu kumi: tano za kwanza zinataja kitu, tano za mwisho zinasema ni cha gari lipi. 11115 ni gasketi ya hedi, 13101 pistoni, 13568 mkanda wa taimingi, 31250 klachi pleti. Baada ya kistari, 54 mara nyingi ni ukoo wa L, 35 ukoo wa R. Mteja akitaja 13568, mkono wangu ulishafika kwenye rafu kabla hajamaliza.

Boksi, hata hivyo, tuliliamini nusu. Feki huandikwa namba sahihi vilevile. Kwa hiyo kabla ya kupokea hela tulifungua, tukapima kwa venia: tundu la gasketi ya 3L lazima lizidi 96 kidogo. Likipungua hapo, mzigo ulirudi kwa aliyetuletea, na mteja tulimwambia apite kesho.