Majahazi Yetu Yasibaki Majina Tu

Ndugu msomaji, jina la mahali aghalabu huishi zaidi kuliko kitu kilicholizaa. Kila siku watu wengi hushuka Darajani, mjini Unguja, kununua samaki, nguo na madaftari ya watoto, na ni wachache wanaojiuliza daraja lenyewe liko wapi. Zamani hapo palikuwa na hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka juu ya daraja. Katika karne iliyopita hori lilifukiwa, barabara ikapita, na daraja likabaki katika vinywa vya watu. Nachelea kwamba majahazi nayo yamo njiani kwenda huko huko.

Mji wetu huu ni mtoto wa jahazi. Upepo wa kaskazi, uvumao baina ya Desemba na Machi, uliwaleta mabaharia wa Oman, wa Ghuba na wa Bara Hindi pamoja na tende, chumvi na mazulia. Kusi ilipoanza, walirejea kwao na karafuu na boriti za mikoko. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alifika Unguja ndani ya jahazi la Kuwait lililokuwa likifuata boriti katika delta ya Rufiji. Boriti kama hizo ndizo zilizo juu ya vichwa vya wakaazi wa Mji Mkongwe mpaka leo, kwani dari za nyumba za mawe zimelazwa juu yake, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Aliyelala katika nyumba hizo amelala chini ya shehena ya jahazi.

Mimi ni wa kizazi kilichokuja baadaye. Sikuyaona majahazi ya Ghuba yamejipanga bandarini Malindi. Niliyasikia kwa wazee. Nililolijua ni jahazi moja la mizigo, mali ya ami yangu, lililopeleka nazi na chokaa Mrima na kurudi na mbao na boriti. Sisi watoto tulilijua kwa pua kabla ya macho, kwa ile harufu ya sifa ya papa iliyopakwa ubavuni mwake. Ada zetu za shule zilitoka ndani ya ngama ya chombo kile, na hapana mtu nyumbani aliyehitaji kuelezwa jambo hilo.

Miaka michache iliyopita jahazi lile lilipandishwa pwani, nalo likakaa. Mataruma kadhaa yalikuwa yameoza, chombo kilivuja kuliko mabaharia walivyoweza kufua maji, na ami alikuwa ameshachoka mgongo. Akatokea mnunuzi. Hakutaka jahazi, alitaka mbao. Kama ujuavyo, mbao za majahazi makuukuu zina soko siku hizi: huranzwa upya zikawa meza na vitanda vya hoteli, na wageni huzipenda kwa alama za misumari na jua. Fedha alizotaja zilikuwa za mkononi na za siku ile ile.

Basi tukakutana nyumbani kwa shangazi yangu. Ndugu msomaji, usidhani kwamba waliotaka kuuza walikuwa watu wabaya. Wajukuu wana ada, dawa za ami zina bei, na boti za mashine zimeuchukua mzigo mwingi. Hoja yao ilikuwa nzito. Shangazi aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Ami yenu yu hai. Mkilivunja hili mbele ya macho yake, hayo madeni mtakayolipa ni ya nani?" Akaufungua upindo wa kanga yake, akaweka chini fedha za upatu wake. Hazikutosha hata robo, lakini baada ya hapo kila mtu aliona haya kuondoka mikono mitupu.

Jahazi lilikokotwa mpaka Nungwi, kaskazini ya kisiwa, ambako mafundi huunda na kutengeneza vyombo mchangani, chini ya miti na mabanda ya makuti. Nilikwenda mara nyingi kutazama. Fundi hakuwa na mchoro wala karatasi. Alipita pembeni mwa chombo akigonga mbao kwa kishikio cha tezo na kusikiliza. Penye mlio mzito alitia alama. Mataruma mabovu yakang'olewa, na mapya yakachongwa kwa matagaa ya mwembe na mfenesi yaliyopinda yenyewe mtini, kwa sababu ubao ulionyooka ukikatwa upinde hauna nguvu ya tagaa lililoota hivyo. Matundu ya misumari yakatobolewa kwa keekee, kwa upinde na kamba.

Kisha ikaja kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta husukumwa kwa patasi na nyundo katika kila mwanya baina ya mbao. Kazi hii haina haraka, kwani mwanya mmoja ukisahauliwa, bahari itaukumbuka. Chini ya chombo huwashwa moto wa makuti wa kuua funza wa mbao, halafu hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Wazee waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema na watu wa nchi kavu. Baharini huo ukuta hupati nafasi ya kuujenga.

Nilimwuliza fundi ni wangapi wanaojifunza kwake. Akanionyesha kijana mmoja aliyekuwa akisokota pamba. "Wengine hutaka kazi ya mwezi yenye mshahara," akasema. "Siwalaumu. Lakini mti ukikatwa huota mwengine. Mkono wa fundi ukienda kaburini bila ya kumwachia mtu, hauoti."

Maneno hayo yana ushahidi. Watu wa mwambao huu walikuwa na chombo kilichoitwa mtepe, kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe mmoja, ukapewa jina la Shungwaya, kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, hapakuwa na wa asili wa kuigiza, na ujuzi ulibidi kukusanywa upya. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Hata hivyo tazama jumba lenyewe: lilijengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, likasimama zaidi ya karne, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati likitengenezwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Hata kilichohifadhiwa ndani ya kuta nene huhitaji mkono wa kukishika kila mwaka.

Na mkono ukiwapo, hata mbao zikipungua hapana la kutisha. Mafundi wa Lamu walikwishalionyesha hilo mwaka 2018 walipounda Flipflopi, chombo cha mita tisa kilichotengenezwa kwa taka za plastiki na kandambili zilizookotwa pwani. Mwanzoni mwa 2019 kikaja kwa tanga mpaka Unguja. Plastiki haikujua kuwa jahazi. Mafundi ndio waliojua.

Jahazi la ami lilishuliwa wakati wa bamvua, kwa kamba, kwa nyimbo na kwa sufuria kubwa ya pilau. Sitakudanganya kwamba limetutajirisha. Mzigo wake ni mdogo, na mwaka wa kwanza mapato yote yaliishia katika deni la mbao. Lakini linakwenda na kurudi, mtoto wa binamu yangu anajifunza tezo kwa fundi yule, na ami hukaa ufukweni akilikosoa tanga kila linapofungwa vibaya, ambalo ni dalili ya afya njema.

Nyumba za Mji Mkongwe zimepata mamlaka ya kuzihifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO. Jahazi humtegemea zaidi mwenyewe na fundi wake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una chombo cha wazee kilichopandishwa pwani, mwite fundi akigonge kabla hujamwita mnunuzi akipime. Kama huna, siku ya mapumziko wachukue wanao mpaka Nungwi, wamsalimu fundi kwa adabu, na mmoja wao aombe kuishika keekee. Huenda akaipenda.