Taa za Ruta na Presha ya Mama

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 sikuwa na zamu. Ilikuwa Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, na mama yangu aliyeko Tanga aliahidi kunipigia kwa video anipongeze. Doha na Tanga tunatumia saa zilezile. Saa tano asubuhi kwake ni saa tano kwangu.

Kabla ya maongezi huwa tuna kazi moja. Mama ana presha, na mimi ndiye muuguzi wa ukoo. Hufunga mkanda wa mashine mkononi, hubonyeza, husubiri, kisha huielekeza mashine kwenye simu nisome. Siku ile nikaona moja, nikaona nane, tarakimu ya tatu imezibwa na kidole gumba chake. Nikamwambia, "Mama, toa kidole." Picha ikaganda.

Nilipiga tena na tena. Kimya. Mwenye kufanya kazi wodini anajua maana ya presha inayoanzia 180, na mama alikuwa nyumbani na mjukuu wa miaka tisa tu.

Nikaiendea ruta iliyo sebuleni. Nikachomoa pini ya mtandio wangu, nikaichomeka kwenye kitundu kilichoandikwa RESET, nikahesabu hadi kumi. Taa zote zikazima, kisha zikawaka. Niliposhika simu, jina la waifai yetu halikuwepo tena.

Sikujua kwamba kitundu kile si cha kuzima na kuwasha. Kinairudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai, nenosiri, na kwa ruta yetu hata maelezo ya akaunti aliyoyaingiza fundi siku ya kuifunga, vyote vilifutika. Huduma kwa wateja wakaniambia fundi atakuja Jumanne. Dada Mkenya ninayeishi naye alikuwa na mtihani wa chuo wa mtandaoni jioni ileile. Alinitazama, akasema, "Ungeniuliza kwanza." Akabeba kompyuta yake kwenda kwa rafiki.

Na kumbe ruta ilikuwa nzima. Asubuhi ile mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari ilikatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Ugonjwa ulikuwa maelfu ya kilomita kutoka kwenye pini yangu.

Nilipotulia nikakumbuka kwamba simu ni simu. Sikuwa na salio la kupiga nje ya nchi, maana miaka yote tumezoea kupiga kwa intaneti. Nikashuka bakala, lile duka dogo la chini ya jengo, nikanunua vocha, nikapiga simu ya kawaida. Akapokea binti wa jirani.

"Shikamoo dada. Tuko na mama hapa, tunajiandaa kwenda zahanati."

Dawa zilikuwa zimemwishia mama tangu Alhamisi, naye hakutaka kunisumbua. Tarakimu ya tatu ilikuwa sita. Tangu picha ilipoganda mpaka niliposikia maneno hayo ilipita saa moja na nusu. Ingeweza kuwa dakika tano.

Fundi alikuja Jumanne, kijana mpole, akaniuliza swali moja: kabla hujabonyeza, taa zilikuwaje? Sikuwa na jibu, na swali lile liliniuma. Nilipokuwa nasomea stashahada nyumbani tulifundishwa kwamba mashine ikilia, mtazame mgonjwa kwanza, usikimbilie kitufe. Nikafundishwa hivyohivyo tena nilipokuja kusoma shahada ng'ambo. Nikalisahau somo lote mbele ya kisanduku cheupe.

Basi nikamwomba anifundishe, nami nawaandikia alichonionyesha. Ruta hutofautiana, lakini mpangilio haupishani sana. Zisome taa kwa utaratibu, kama tunavyoanza na njia ya hewa, kisha pumzi, kisha mzunguko wa damu.

Ya kwanza ni taa ya umeme. Ikiwa imezima, angalia soketi na waya wake kabla ya kumlaumu mtu.

Ya pili ni ya mkongo unaoingia nyumbani. Kwenye vifaa vingi huandikwa PON. Ikiwaka bila kupepesa, kifaa chako kinaongea na mtoa huduma. Jirani yake ni LOS, na hii ni njema ikiwa imezima. Ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki kupitia ule uzi mwembamba wa kioo. Huenda umekunjwa nyuma ya kochi, umechomoka, au umekatika huko nje. Hapo mpigie mtoa huduma. Usichungulie ncha ya uzi huo, kwa sababu mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Ya tatu ni taa ya intaneti. Kama PON ni nzima na hii imezima au ni nyekundu, mara nyingi shida iko kwenye akaunti au upande wa mtoa huduma. Huenda hata bili haijalipwa.

Ya mwisho ni taa ya waifai. Ikiwa imezima, huenda mtoto amebonyeza kitufe cha pembeni. Ruta nyingi hutoa waifai ya aina mbili: ya 2.4 hufika mbali na hupita ukuta vizuri zaidi, ya 5 ina kasi zaidi lakini huchoka mapema. Chumba cha mwisho tumia ya kwanza.

Taa zote zikiwa njema na bado humpati mama, jaribu tovuti nyingine, au zima waifai utumie bando la simu. Kama kwingine kote kunafunguka na nyumbani tu hakupatikani, ruta haina kosa. Iache.

Nyuma kuna matundu. Lenye rangi ya peke yake, au lililoandikwa WAN, hupokea waya wa intaneti kutoka kwenye kisanduku cha mkongo, kama visanduku vyako ni viwili. Yaliyoandikwa LAN, mara nyingi manne, ni ya kuchomeka kompyuta au televisheni kwa waya. Mwanafunzi mwenye mtihani na atumie waya, kwani haujali kuta wala waifai za majirani. Tundu dogo zaidi ni la simu ya mezani.

Kitufe cha WPS huunganisha kifaa bila kuandika nenosiri. Mwaka 2011 iligundulika kwamba njia yake ya namba ya siri ya tarakimu nane inaweza kubahatishwa na mtu wa nje, hivyo kama huitumii, izime kwenye mipangilio. Kitufe cha kuzima na kuwasha ndicho cha kuanzia: zima, subiri nusu dakika, washa, uipe dakika chache. Kile kitundu cha pini kiwe cha mwisho kabisa, tena uwe umeambiwa na fundi, na maelezo ya akaunti yako yawe mkononi.

Leo kando ya ruta yetu kuna karatasi yenye utaratibu huo, namba ya huduma kwa wateja, na picha ya taa zikiwa nzima, tuwe na cha kulinganisha. Dada yangu wa Kenya ndiye aliyeibandika. Pini nimeambiwa niihifadhi chumbani kwangu.

Kwa mama tumebadilisha jambo moja. Kila Jumapili, kabla ya video, hunitumia namba tatu kwa ujumbe mfupi wa kawaida: ya juu, ya chini, na idadi ya vidonge vilivyobaki. Nami sikosi salio la kupiga nje. Wiki iliyopita aliandika: 132, 84, 20. Halafu akaongeza, "Sasa nipigie, nikuone."