Ushirombo, kwa Wafaransa

Wadau, nimepotea wiki mbili, msininunie. Nilikuwa home Shinyanga, na Jumamosi nikapanda basi la Kahama, nikaunganisha mpaka Ushirombo na mjomba wangu. Zamani Bukombe ilikuwa mkoa wetu, tangu 2012 ni Geita.

Sisi wa Historia tukiulizwa wapelelezi tunataja Speke, Stanley, Livingstone, basi. Wafaransa je? Mapadre Weupe, shirika aliloanzisha Lavigerie kule Algeria mwaka 1868, walitoka Bagamoyo Juni 1878. Walipofika Tabora wakagawana, hawa Ziwa Victoria, hawa Tanganyika. Mwaka huohuo akaja Padre Debaize, yeye katumwa na serikali ya Ufaransa kupeleleza. Huyo bana alibebesha wapagazi mpaka fataki na kinanda cha kuzungusha kwa mkono! Akafia Ujiji, Desemba 1879. Aliyebeba kinanda simjui jina, vitabu vinamwita mpagazi tu.

Misheni ya Ushirombo ilifunguliwa 1891. Bendera ya Mjerumani, misa ya Mfaransa. Hata askofu wao, François Gerboin, alikuwa Mfaransa.

Sasa kilichonipeleka. Mapadre walikuwa wanakomboa watoto waliokuwa wanauzwa utumwani, wanawalea misheni. Mmoja wao ni mama yake bibi yangu. Kwao wapi? Hakujua. Alikumbuka maji mengi tu, na maziwa huku yako mangapi jamani! Watu wakitaja koo zao, upande wa mama sisi tunaishia hapo Ushirombo.

"Mjomba, ukiulizwa sema sisi watu wa misheni, yatosha," mjomba akaniambia.

Kwangu haitoshi. Nawashukuru waliomkomboa, kweli kabisa, bila wao nisingekuwepo. Ila mtoto alipewa dini, jina na mume, kwao hakurudishwa. Makaburini tulizunguka mpaka jua likawa kali, jina lake hatukuliona. Msalaba wa mti unaliwa na mchwa.

Kumbe Lavigerie aliwaamuru mapadre wake waandike shajara kila kituo. Zinatunzwa Roma. Huenda siku aliyoingia imeandikwa, na alikotoka, kwa Kifaransa.

Kwa hiyo naulizia: kuna anayejua kozi ya Kifaransa hapa chuo inayopokea watu wa ualimu? Muhula huu huu, tafadhali. Mjomba ameshaanza kunipigia kuuliza nimefikia wapi.