Visahani vya maua

Nimekuwa kimya muda mrefu, mpaka wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Nipo jamani, ni kazi tu. Leo sina siasa wala habari za ofisini. Nataka kuzungumzia maua yangu ya roshani, ambayo mmekuwa mkiniulizia tangu nilipoweka ile picha ya asumini. Ila siwezi kuyazungumzia bila kusema jambo la mwaka 2019 ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Nianze na maua, hayo ndiyo rahisi.

Ninapanga ghorofa ya tatu, Upanga. Roshani yenyewe ni hatua nne kwa mbili, na inatazama magharibi. Anayeijua Dar anajua maana yake: kuanzia saa nane mchana jua linaingia pale kama lina deni na wewe. Nilipohamia mwaka 2017 nilikuta kamba ya nguo na jiko bovu la mkaa la mpangaji aliyetangulia. Jiko nikalitia udongo, nikapanda vinka, yale maua ya waridi na meupe yanayoota hata kwenye nyufa za ukuta. Yakashika. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Vyungu vya udongo vilikuwa ghali kwa mshahara wangu wa wakati ule, nikaokota ndoo za rangi za lita 20 kwa mafundi na madumu ya mafuta ya kula, nikakata, nikatoboa chini kwa msumari wa moto. Nimeua maua mengi sana, nakiri. Mawaridi mawili ya kwanza niliyapanda kwenye ndoo nyeusi. Ndoo nyeusi kwenye jua la magharibi ni sufuria, mizizi iliiva. Mengine niliyapanda kwenye udongo mtupu wa shambani, ambao ukiwa ardhini ni mzuri, lakini ukiutia kwenye ndoo na kuumwagilia mwezi mzima unakuwa tofali. Muuza miche mmoja wa kando ya barabara kule Mikocheni alinicheka, akanifundisha kuchanganya: udongo, samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa, na mchanga wa kutosha maji yapite. Ndoo nikazipaka rangi nyeupe. Mambo yakabadilika.

Nikapata na waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama mguu wa tembo. Hilo ni letu kabisa, linaota porini huku Afrika Mashariki, na utomvu wa jamii yake Wahadzabe hutengenezea sumu ya mishale. Kwa hiyo kama una mtoto au paka nyumbani, liweke juu. Halitaki maji mengi, ukilisahau wiki nzima linakushukuru.

Asumini ni kinyume chake. Asumini kwenye ndoo inataka maji kila siku, jua likiwa kali mara mbili. Lakini ikikubali! Vichipukizi vinakaa vimefumba mchana kutwa, jua likizama vinafunguka kimoja kimoja, na ukifungua mlango wa roshani saa moja jioni unasahau foleni yote ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi.

Sasa maji. Maji yakiingia kwenye ndoo yenye matundu lazima yatoke, na yakitoka ghorofa ya tatu yanashukia ghorofa ya pili. Pale anakaa bibi mmoja wa Pangani, mtu wa makamo ya mama yangu au zaidi, na kamba yake ya nguo iko chini ya ndoo zangu hasa. Siku moja alipanda ngazi mwenyewe, kanga mkononi, ina michirizi ya kahawia.

"Shikamoo mama," nikasema, nimeshaelewa.

"Marahaba mwanangu. Nimefua mara ya pili leo. Maua yako mazuri, lakini maji yake yana samadi."

Hakupandisha sauti, na hilo lilinitia aibu zaidi. Siku hiyohiyo nilikwenda Kariakoo nikanunua visahani vya plastiki kumi na vinne, kimoja chini ya kila ndoo. Matone yakakoma. Kwa kumwomba radhi nilimteremshia maua ya asumini kwenye kikapu cha kamba, kama vile watu wa maghorofani wanavyoteremsha vikapu kununua vitu kwa wapita njia. Alifurahi kama mtoto. Ana mrehani wake mwenyewe dirishani, akafunga kikuba, jioni nikanusa harufu yangu ikipanda ngazi kichwani mwake. Tangu hapo ikawa desturi. Ijumaa jioni anaita kutoka chini, "Mwanangu, kikapu!" nami nateremsha. Anayepokea ni mjukuu wake, wakati ule alikuwa na miaka saba, na kazi hiyo hakukubali ifanywe na mtu mwingine.

Mwaka 2019 ukaingia na homa ya dengue. Mtakumbuka. Dar ilikuwa imeshapigwa mwaka 2014, lakini safari hii kila ofisi ilikuwa na mtu aliyelazwa, na Tanga nako haikusalimika. Mhariri wangu akanipa habari ya kujikinga. Nikazungumza na wataalamu, nikaandika vizuri tu, kwa kweli niliringa nayo. Niliandika kwamba mbu huyu, Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Kwamba hapendi mitaro michafu, anapenda maji yaliyotuama karibu na watu. Kwamba kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi kwenye joto letu. Nikataja na mahali anapozaliana: matairi, makopo, vifuu vya nazi, na visahani vya maua.

Visahani vya maua. Niliandika kwa mkono wangu, nikarudi nyumbani, nikamwagilia asumini.

Mnaweza kuniuliza nilikuwa nafikiri nini. Sikuwa nafikiri. Habari ilikuwa ya watu wengine, ya wale wenye matairi uani. Nadhani waandishi wengi wananielewa hapa.

Mwezi wa tano, Jumapili asubuhi, yule mtoto akaanza homa. Kichwa, viungo, macho yanauma kwa nyuma, yale yale niliyokuwa nimeyaorodhesha. Bibi alisema neno ambalo sikuwa nimelisikia: "Hii ni kidingapopo. Wazee wetu waliijua." Baadaye nikatafuta, na kweli limo kwenye kamusi. Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa Zanzibar, James Christie, aliandika juu ya mlipuko wa homa hiyo visiwani mwaka 1870, na wapo wanaosema hata neno dengue lenyewe lilitoka kwetu. (Wataalamu wa leo wengine wanaona ile ya Christie huenda ilikuwa chikungunya. Nayo jina lake limetoka kwa Wamakonde, ikasambazwa na mbu huyohuyo.)

Mtoto alilazwa siku tano. Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Daktari alikuwa akimweleza mama yake kwamba hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe, ni maji mengi na paracetamol, na wasithubutu kumpa aspirini wala ibuprofen kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Akasema chembe sahani zimeshuka, wanaziangalia. Aliposema sahani, ndipo kitu kikaniingia tumboni.

Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Sikuwasha hata taa ya sebuleni, nilikwenda moja kwa moja roshani na tochi ya simu. Nikainua ndoo ya asumini. Kisahani kilikuwa kimejaa viluwiluwi, wanajipinda pinda kwenye mwanga. Cha pili, hivyohivyo. Visahani tisa kati ya kumi na vinne.

Nikamwaga vyote chooni, usiku ule ule, kimya kimya kama mwizi. Nikavipanga tena mahali pake. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana mayai ya mbu huyu hayako majini, yamegandishwa kwenye ukingo wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri kuloweshwa tena. Kumwaga hakutoshi, lazima usugue. Na hilo nalo nilikuwa nimeambiwa nikiwa na daftari mkononi.

Mtoto alipona, alhamdulillah. Alirudi amekonda, ana hasira na kila mtu. Ijumaa ile bibi hakuita kikapu, wala Ijumaa iliyofuata, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa. Mimi nilijisemea kwamba anajua.

Wiki ya tatu nilishuka nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikaishia kusema, "Mama, nilikuwa na mbu kwenye visahani. Niliviweka kwa ajili ya kanga zako." Nikajisikia mjinga, kama namsukumia yeye lawama.

Alinyamaza. Kisha akanipeleka bafuni kwake. Mapipa mawili na ndoo nne za akiba ya maji, moja tu ina mfuniko. "Na haya?" akaniuliza. "Na ya jirani? Nani atajua yule mbu alitoka kwa nani?" Nikaona ananipa njia ya kupumulia. Lakini tulipofika mlangoni akasema, sauti imebadilika: "Usimwambie mama yake."

Sikumwambia. Sijui kama nilifanya vema. Kitaalamu bibi alisema kweli, haiwezekani kujua. Lakini mbu huyu kwa kawaida haendi mbali na alipozaliwa, na kati ya ndoo zangu na kitanda cha yule mtoto kuna sakafu moja ya zege.

Kwa hiyo wale mnaouliza natumia visahani gani, jibu ni hili. Tisa nilivitupa. Vitano vilivyobaki nimevijaza mchanga mpaka juu, maji yanaingia mchangani, mbu hana pa kutagia. Navisugua kwa brashi kila Jumamosi. Ndoo zisizo na kisahani nimezisogeza ndani, mbali na ukingo, na namwagilia alfajiri taratibu kwa kikombe, naacha kabla maji hayajafika chini. Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na maji Dar yakawa ya mgawo, nilipoteza vinka zote na waridi moja. Asumini nilikuwa naipa maji niliyosuuzia mchele.

Bibi bado yupo ghorofa ya pili. Mjukuu wake sasa ni kijana mrefu wa sekondari, kikapu anaona ni kazi ya watoto, lakini anapokea. Mama yake huwa anasoma ukurasa huu. Jana nilishuka nikamwomba bibi ruhusa ya kuandika haya. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Andika," alisema. "Ila nishushie asumini kwanza, kesho nina maulidi."