Hesabu ya Maji

Wasomaji wetu, mwalimu hupenda kuwataja wanafunzi wake waliofaulu, kama mtu ahesabuye mali yake. Walioshindwa huwasahau upesi. Leo twataka kuwapa habari za mmoja tuliyemsahau, na jinsi tulivyokumbushwa habari zake mbele ya watu, pwani ya Lamu.

Kijana huyo alikaa darasani mwetu miaka miwili. Baba yake na babu yake walikuwa mabaharia, naye mara nyingi kiti chake kilikuwa kitupu. Siku alizokuwapo hakuweza kuzidisha wala kugawanya ubaoni. Tulimkanya, tukamwadhibu, na mwisho tukamwambia mbele ya wenziwe, "Bahari haitoi cheti." Wenziwe wakacheka. Yeye aliinamisha kichwa, na juma lile lile akaacha shule. Sisi tukafuta jina lake katika daftari, wala hatukwenda kwao kuuliza.

Mji wa Lamu una sikukuu yake ya utamaduni, ambayo desturi yake ni kufanywa mwezi wa Novemba, wakati wa tanga mbili, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika. Watu hukusanyika njia ya pwani, mbele ya mji ule wa mawe ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kuna mashindano ya punda, ya kuogelea, na ya mashua. Miaka minne baada ya mambo yale tulisimama pale kando ya mzee mmoja aliyekuwa nahodha zamani. Katika mashua zilizopangwa majini tuliona moja yenye vijana watupu, wanafunzi wa ubaharia, hata mmoja wao hajaota ndevu za kutosha. Aliyeshika kana ya usukani alikuwa kijana wetu.

Ishara ilipotolewa wakavuta jarari kwa pamoja, foromali ikapanda, tanga likajaa. Mmoja alishika demani, mmoja akafua maji kwa upo, wengine wakahamisha magunia ya mchanga upande wa goshini. Wawili wakatambaa juu ya ubao uliotokeza nje ya ubavu, wakaketi hewani, ili uzito wao uzuie chombo kisilale. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alijua kazi yake na kazi ya mwenziwe.

Maji yalikuwa yakitoka, kwa hiyo kwenda Shela kulikuwa rahisi. Taabu ilikuwa kwenye kugeuka. Mashua ikipokea upepo upande wa pili, foromali haina budi kusimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, na demani kuzungushwa pamoja nayo. Kazi hiyo ikikawia, tanga hugandamana na mlingoti, na chombo husimama au hupinduka. Wale vijana waliifanya kwa muda ambao sisi tungalitafuta chaki mezani.

Wakati wa kurudi, vyombo vikubwa vilishika katikati ya mlango, ambako upepo ulikuwa mzuri. Kijana wetu aliviacha, akaambaa pwani. Tukasema, "Mtoto huyu amekosa upepo, sasa atakwama mchangani."

Mzee akatutazama. "Hakukosa, mwalimu. Maji yatokayo huwa na nguvu katikati, na kandokando huwa dhaifu. Amekubali upepo mdogo ili aepuke mkondo mkubwa. Tena ajua saa hii mna pima ngapi chini ya mkuku wake, maana amehesabu tangu asubuhi."

"Amehesabu kwa nini?" tukauliza.

"Kwa mwezi. Maji huchelewa kila siku kadiri ya dakika 50. Yakijaa leo saa 10, baada ya siku 3 yatajaa saa 12 na nusu. Ajuaye tarehe ya mwezi huyajua maji kabla hajatoka nyumbani."

Wasomaji, tulinyamaza. Hamsini mara tatu, kisha kugawanya kwa sitini: hesabu hiyo hiyo ndiyo tuliyomwadhibu kwa kutoijua ubaoni. Naye huenda alikuwa akiifanya kichwani kila alfajiri, ila sisi hatukumwuliza kwa lugha ya mambo aliyoyajua.

Mashua yao ilikuwa ya pili. Walipotua tanga tulitaka kuondoka, kwa kuwa haya zilitushika, lakini alituona. Akaja na maji yakimchuruzika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mmefanya kazi njema."

Akashukuru, kisha akatoa katika mfuko wa plastiki karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa habari ya mtihani, kwa maana siku hizi achukuaye abiria hutakiwa leseni. Imeandikwa Kiingereza. "Mwalimu, bahari haitoi cheti," akasema, wala hakusema kwa kejeli, "nami sina cha shule. Karatasi hii sijui inataka nini."

Tungaliweza kujitetea kwamba neno letu limetimia. Lakini tulikumbuka ni nani aliyefuta jina lake. Tukamwomba radhi pale pale, wenziwe wakisikia, kama wenziwe wa darasani walivyosikia siku ile.

Tangu hapo huja barazani petu jioni tatu kila juma. Sisi twamsomesha maswali ya mtihani, naye hutusomesha maji, upepo na nyota. Mtihani bado hajaufanya, na kusoma kwake kungali kwa taabu. Hatutaki kuwadanganya kwamba miaka minne hurudishwa kwa jioni chache. Ila ubaoni mwetu hesabu ya kuzidisha sasa huanza na saa ya maji kujaa, na watoto wa mabaharia ndio wainuao mikono kwanza.

Walimu wenzetu, mkiona kiti kitupu, kabla hamjashika kalamu ya kufuta jina, shikeni njia mwende kwao mkaulize mtoto yuko wapi, na huko aliko ajifunza nini.