Madirisha ya Castello

Mimi na mume wangu tulioana Zanzibar mwezi Mei mwaka 1999. Tulipotimiza miaka kumi tulikuwa tumeshahamia Munich, na kutoka huko kwenda Venice huhitaji ndege. Treni inapanda milima ya Alps, inavuka mpaka wa Italia pale Brenner, inateremka mpaka Verona, na mwisho inaiacha nchi kavu na kupita juu ya bahari kwenye daraja lenye urefu wa karibu kilomita nne. Sisi tuliokulia pwani tulikuwa na siku nyingi hatujaona maji yametanda pande zote mbili namna ile. Mume wangu alisimama dirishani tangu tulipoingia darajani, na hakusema neno mpaka treni ikasimama.

Mwaka ule wa 2009 tulitembea kama watembeavyo wageni wote. Tulipanda mnara wa San Marco, ule ulioporomoka tarehe 14 Julai 1902 ukajengwa upya vilevile ulivyokuwa na kufunguliwa mwaka 1912. Tukaingia Kasri la Doge, tukapiga picha kwenye daraja la Rialto lililokamilika mwaka 1591. Ni mambo ya fahari kweli, wala simshauri mtu ayaache. Lakini kilichonishika moyo ni vichochoro vya Castello, mtaa wa upande wa mashariki ambako makundi ya watalii huwa hayafiki kwa wingi.

Vichochoro vile ni vyembamba, watu wawili wenye mizigo hupishana kwa ubavu. Nyumba zimeegemeana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, mawe ya chini yana ubaridi hata saa sita mchana, na gari huoni wala husikii. Juu, kamba za nguo zimevutwa kutoka dirisha hili mpaka dirisha la ng'ambo. Asubuhi moja tuliwakuta bibi wawili wameinama madirishani, mmoja huku na mmoja kule, wakipiga soga huku wakianua mashuka. Hatukuelewa hata neno, ila mkao ule na sauti zile tulizijua.

"Mama Salma, hapa si Kiponda hapa?" mume wangu aliniuliza, akiutaja mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar nilikozaliwa.

Mwisho wa barabara ya Via Garibaldi kulikuwa na mashua imefungwa mferejini, imejaa mboga na matunda. Watu wa mtaa walikuja na vikapu vyao, wakachagua nyanya moja moja, kisha wakasimama kuzungumza muda mrefu kuliko ule waliotumia kununua. Tulinunua cheri, tukakaa ukingoni kuwatazama. Nadhani ndiyo asubuhi niliyofurahi kuliko zote katika safari ile.

Jioni tulikwenda Zattere, kwenye ukingo wa mfereji mpana wa Giudecca, kula dagaa papa wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Wenyeji wanakiita sarde in saor, na ni chakula cha mabaharia wa zamani, maana siki ilikihifadhi siku kadhaa safarini. Tukiwa katikati ya kula, mwanga ulipungua ghafla. Meli ya watalii ilikuwa inapita, ghorofa juu ya ghorofa, na kisiwa cha Giudecca kizima kikapotea nyuma yake. Glasi zililia mezani. Abiria walitupungia mikono kutoka juu kuliko mapaa ya nyumba zote. Mzee wa meza ya pili hakuinua hata uso. Aliishika glasi yake tu isimwagike, kwa namna ya mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

Siku ya kuondoka tuliingia posta kuu, iliyokuwa ndani ya jengo la Fondaco dei Tedeschi pale Rialto, nikamtumia mama yangu kadi. Hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa San Bartolomeo, kuna duka la dawa ambalo tangu mwaka 2008 limeweka dirishani kibao cha taa chenye idadi ya wakazi wa mji wa kale. Kilionyesha elfu sitini na kidogo. Mwaka 1951 wakazi hao walikuwa karibu 175,000. Novemba ya mwaka uleule wa safari yetu, idadi iliposhuka chini ya 60,000, wenyeji waliufanyia mji wao mazishi: jeneza lilipakiwa kwenye mashua likapitishwa Mfereji Mkuu mchana kweupe. Picha tuliziona tukiwa Munich. Wapo walioona ni kichekesho. Mimi niliwafikiria wale bibi wa madirishani.

Tulirudi Mei 2024, miaka ishirini na tano ya ndoa. Safari hii watoto ndio waliotulipia.

Jambo la kwanza lililobadilika lilitupokea pale pale stesheni. Mwaka huo Venice ilianza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia mjini, euro 5, kwa siku 29 zilizochaguliwa kati ya Aprili na Julai, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Sisi tulifika Jumamosi, ambayo ilikuwa miongoni mwa siku hizo. Anayelala mjini halipi, ila lazima ajisajili na aonyeshe msimbo kwenye simu. Kijana aliyevaa kizibao alizisoma simu zetu kwa adabu, akatutakia siku njema. Mume wangu aligeuka akaitazama foleni nyuma yetu, akasema polepole kwamba hajawahi kuingia mji wa watu kwa tiketi.

Haki isemwe: yapo yaliyokuwa mazuri zaidi. Tulipofika Zattere mfereji ulikuwa mtulivu, kwa sababu tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa zimepigwa marufuku kupita pale. Kule kwenye milango ya bahari kuna MOSE, malango 78 ya chuma yaliyolazwa chini ya maji, ambayo huinuliwa maji ya bahari yanapotishia kujaa. Yaliinuliwa kuuzuia mji usifurike kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020. Laiti yangewahi mwaka mmoja, maana usiku wa tarehe 12 Novemba 2019 maji yalipanda mpaka sentimita 187, kimo ambacho kimezidiwa na gharika ya mwaka 1966 peke yake. Kanisa la San Marco sasa limezungushiwa vioo vizito kulikinga na maji. Mji unajua kujilinda na bahari, na juhudi hiyo naiheshimu.

Tatizo lake ni watu. Posta niliyotumia kadi ilikuwa imegeuka jumba la maduka ya anasa. Kibao cha duka la dawa kilikuwa kimeshuka mpaka elfu arobaini na tisa, na mwaka uliotangulia kikundi cha wakazi kiitwacho Ocio kilikuwa kimetangaza kwamba vitanda vya wageni katika mji wa kale vimeipita idadi ya wenyeji. Castello tulikwenda asubuhi ya pili. Mashua ya mboga ilikuwepo, nikashukuru. Lakini kichochoro chetu kilikuwa na kamba moja tu ya nguo, na kandokando ya milango kulikuwa na visanduku vidogo vya chuma vya kuwekea funguo, vile vya kufungua kwa namba, vitatu au vinne kwa mlango mmoja. Sauti iliyotawala ni ya magurudumu ya mabegi juu ya mawe. Sababu si fumbo: mwenye nyumba akipokea wageni wa siku tatu tatu hupata fedha ambazo mpangaji wa mwezi hawezi kumpa. Vijana huhamia Mestre, ng'ambo ya daraja, na wazee wakifariki hakuna anayerithi dirisha.

Kisha tukaenda Murano, na hapo safari yetu ikawa jambo la nyumbani. Tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa hicho mwaka 1291, kwa kuhofia moto mjini. Katika karakana moja tulimtazama mama akitengeneza ushanga. Alishika ufito wa kioo chekundu kwenye mwali wa gesi mpaka ncha ikalegea na kuning'inia, akaizungusha taratibu juu ya waya mwembamba, akaiviringisha mpaka ikawa duara, ndipo akaiacha ipoe. Alitwambia kuwa shanga ndogondogo zilitengenezwa kwa namna nyingine: kioo kilivutwa kikawa mrija mrefu, mrija ukakatwakatwa, kisha wanawake wa Castello, wanaoitwa impiraresse, wakakaa nje ya milango yao na sinia la mbao mapajani, wakizitunga kwa sindano ndefu nyingi kwa pamoja.

Nilishikwa na kigugumizi. Katika karne ya kumi na tisa shanga za Venice zilishushwa Unguja kwa maelfu ya mafungu, zikapanda bara na misafara, zikanunua chakula na pembe. Watu wa pwani walizipa majina, na zile nyekundu waliziita samesame. Bibi mzaa mama alikuwa nazo kiunoni, na usiku wa kuamkia harusi yangu alinivalisha uzi wake mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Nimeishi nazo miaka ishirini na tano bila kujua kwamba huenda zilitungwa na mikono ya mwanamke aliyekaa kwenye kichochoro nilichokipenda. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo ya shanga za kioo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mji Mkongwe wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya harusi yetu. Nyumba ya Kiponda niliyozaliwa sasa ni nyumba ya wageni, na baraza lake limepangwa vyungu vya maua, hakuna anayeweza kukaa. Kwa hiyo nasema na wenye nyumba, walioko Unguja na waliozirithi wakiwa Muscat, London au Toronto: kabla hamjamkabidhi mwekezaji nyumba nzima, bakisheni ghorofa moja kwa familia itakayopanga kwa bei ya Kizanzibari, yenye watoto watakaokwenda chuoni kwa miguu. Na Serikali iwahesabu wakazi wa Mji Mkongwe kila mwaka, iitangaze idadi hadharani, pale sokoni Darajani ambapo kila mtu hupita. Venice ilipoanza kufanya hivyo dirishani mwa duka la dawa, watu zaidi ya laki moja walikuwa wameshaondoka.