Msiniambie Mungu Kampenda Zaidi

Kati ya maneno yote ya msibani, hakuna lililonichosha kama hili: "Mungu amempenda zaidi." Nililisikia kwa majirani, kwa mashemeji, hadi kwenye meseji za wafanyakazi wenzangu. Ampende kuliko mimi niliyekesha naye nikimnyonyesha? Najua walikuwa na nia njema. Lakini siyo siri, mpenzi msomaji, neno hilo lilinifanya nimwogope Mungu badala ya kumkimbilia.

Binti yetu alikuwa na miezi saba. Homa ya siku mbili tu. Tulimzika Kibondo, nyumbani kwa mume wangu, Desemba 2022, tulipokuwa likizo ya Krismasi. Baada ya matanga mume wangu akarudi kazini Dar es Salaam, mimi nikaenda Kasulu kwa mama yangu.

Mama ni Mwanglikana wa siku nyingi. Kasulu ndiyo makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966, na pale kwetu watu wa kanisani ni kama ndugu. Wenzake walianza kuja siku ya pili tu. Nikajiandaa kwa mahubiri. Wapi! Walivua viatu, wakaketi mkekani. Mmoja akachambua maharage, mwingine akanifumua nywele zilizokuwa zimejikunja tangu msibani. Jioni wakaomba sala fupi, wakaondoka. Kesho yake wakarudi.

Nilimuuliza mama mbona hawanifariji. Akacheka kidogo. "Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya. Walianza kuharibu walipofungua midomo. Unadhani sisi hatusomi?"

Akaniambia kukaa kimya walijifunza zaidi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa huko Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na ambayo mwaka 2015 ilipokea pia Warundi kwa maelfu. Walikuwa wakienda kuwatembelea. Sasa mwanamke aliyezika watoto njiani utamwambia nini, mwanangu? Unakaa naye.

Lakini ndoa nayo ilikuwa inapita kwenye tundu la sindano. Mume wangu ni mwanakwaya. Jumapili iliyofuata tu alikuwa amesimama anaimba, wakati mimi hata amina ilikuwa hainitoki. Watu wawili, msiba mmoja, na kila mmoja analia kwa lugha yake. Wenye ndoa wanajua nasema nini. Usiku mmoja nikamwambia kwenye simu, "Mimi sisali tena." Nilitegemea anibembeleze au anikemee. Akasema, "Subiri kidogo, mama," nikasikia kurasa zinafunuliwa, akanisomea Zaburi ya 88.

Isome ukipata nafasi. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Inalalamika tangu mwanzo, na inaishia gizani. Kumbe na hii imo kwenye Biblia? Kumbe malalamiko yangu yote ya usiku, yale niliyokuwa naona aibu kuyatamka, ni sala?

Tukahamia Yohana sura ya 11, kifo cha Lazaro. Yesu alikwenda pale akijua kabisa atamfufua, na bado, alipomwona Mariamu analia, naye alilia. Hakumwambia kwamba Mungu kampenda zaidi kaka yake. Mungu wa namna hiyo niliweza kukaa naye chumba kimoja, hata kabla sijaweza kuongea naye.

Basi ikawa kawaida yetu: saa tatu usiku simu inaita, yeye Dar, mimi Kasulu, anasoma ile zaburi yote, tunaaga, tunalala. Usiku wa nne hakuufikia mstari wa mwisho. Sauti ilikatika, nikadhani ni mtandao. Alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu Kibondo. Nikawasha taa, nikachukua Biblia ya mama, nikamalizia mimi.